Usugu Unatoka Wapi? Historia ya Utafiti wa Bakteria Wasiosikia Dawa

Sugu, kabla ya kuwa neno la hospitali, ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha mshika jembe. Haiji kwa siku moja. Mpini husugua, ngozi huuma, hupona, husuguliwa tena, mpaka mwisho huzoea. Kiswahili kilipotafuta jina la hali ya bakteria kutouawa na dawa iliyokuwa ikiwaua, kilichukua neno hilohilo, na pamoja na neno likaja wazo: kwamba dawa humsugua bakteria kidogo kidogo hadi akaizoea. Wazo hilo si la Waswahili peke yao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanasayansi wengi wa Ulaya waliliamini, na historia ya utafiti wa usugu kwa sehemu kubwa ni historia ya jinsi lilivyobomolewa.

Somo la kwanza halikutoka kwa bakteria bali kwa vimelea vya malale. Mwanzoni mwa karne hiyo malale iliteketeza vijiji vizima kandokando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, akiwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi yao. Wakati huohuo mjini Frankfurt, Paul Ehrlich na wasaidizi wake walikuwa wakiwatibu panya walioambukizwa vimelea vya jamii hiyo. Waliona kwamba pale tiba iliposhindwa kuvimaliza, vimelea vilivyorudi havikuisikia tena dawa ile. Walivihamisha kutoka panya mmoja hadi mwingine bila kuvipa dawa, na bado viliendelea kuihimili. Zaidi ya hapo, vimelea vilivyohimili atoksili viliuawa kama kawaida na dawa za jamii ya rangi, na vilivyohimili rangi viliuawa na atoksili. Usugu, basi, haukuwa ugumu wa jumla. Ulikuwa jambo mahususi kwa dawa mahususi, na ulirithiwa na vizazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1907, miaka mingi kabla ya dunia kuwa na viuavijasumu.

Bakteria waliingia katika habari hii kwa salfa, zilizoanza kutumika mwaka 1935, kisha kwa penisilini. Alexander Fleming aliuona ukungu wake mjini London mwaka 1928, lakini ni kundi la Oxford lililoifanya penisilini kuwa dawa. Mwezi Desemba 1940 wawili katika kundi hilo, Edward Abraham na Ernst Chain, walichapisha barua fupi. Walikuwa wamewasaga bakteria wa utumbo waitwao E. coli, wakachukua majimaji yao na kuyachanganya na penisilini, nayo ikapoteza nguvu. Ndani ya majimaji yale mlikuwa na kimeng'enya cha kuivunja, wakakiita penisilinesi. Tarehe hiyo inafaa kukumbukwa. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa maradhi makubwa kwa penisilini ya Oxford, askari polisi aliyejaa majipu na usaha usoni, alianza kudungwa Februari 1941. Silaha ya kuivunja dawa ilijulikana kabla dawa yenyewe haijaingia mshipani mwa mtu yule.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Mary Barber, mtaalamu wa bakteria katika hospitali ya Hammersmith mjini London, alianza kuhesabu. Alichunguza stafilokoka, bakteria wa majipu na vidonda, waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali hiyo. Mwaka 1946 wasiosikia penisilini walikuwa kama asilimia 14. Mwaka 1947 walifika asilimia 38, na mwaka 1948 asilimia 59. Kilichomfanya Barber awe mtafiti wa aina yake ni swali alilouliza baada ya kuhesabu: je, bakteria wa kila mgonjwa wamebadilika humo mwilini mwake wakati wa matibabu? Jibu lake lilikuwa hapana. Sugu walitengeneza penisilinesi tangu mwanzo. Walikuwapo wachache, dawa ikawafyekea wapinzani wao, nao wakapita kutoka kitanda hadi kitanda kwa mikono na vumbi la wodi.

Hata hivyo hesabu za wodini hazikutosha kuumaliza ubishi wa msingi. Kuna njia mbili za kueleza kwa nini bakteria wachache hubaki hai penye sumu. Huenda sumu yenyewe inawabadilisha wachache kati yao, kama jua linavyoibabua ngozi. Au huenda wachache hao walikuwa tofauti tangu awali, kwa bahati ya kuzaliwa, na sumu imewafichua tu. Ukitazama sahani ya maabara, njia zote mbili zinaonyesha kitu kimoja: vidoa vichache palipotakiwa kuwa patupu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua jinsi ya kuzitenganisha.

Aliyejua alikuwa Salvador Luria, Mwitaliano wa asili ya Kiyahudi aliyewakimbia wafashisti na kufika Marekani. Mapema mwaka 1943, katika dansi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Indiana, alikuwa akimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari. Mara nyingi mashine haitoi kitu. Mara chache inamwaga sarafu nyingi kwa mpigo. Luria aliona jibu lake limo humo. Iwapo ni sumu inayowabadilisha bakteria, basi kila chupa ya bakteria ikimwagiwa sumu itatoa idadi inayokaribiana ya walionusurika. Lakini kama mabadiliko hutokea kwa bahati wakati bakteria wanazaliana, chupa ambayo bahati ilitokea mapema itakuwa na ukoo mkubwa wa sugu, iliyochelewa itakuwa na wachache, na nyingi hazitakuwa na hata mmoja.

Alitumia E. coli, na sumu yake ilikuwa virusi vinavyoua bakteria. Katika jaribio moja alikuza bakteria katika vichupa 20, kila kimoja peke yake. Vichupa 11 havikuwa na hata sugu mmoja. Vingine vilikuwa na mmoja, watatu, watano, sita. Kimoja kilikuwa na 35, kingine 64, na kimoja 107. Kwa kulinganisha, alichota mara 10 kutoka chupa moja kubwa, na humo idadi zilicheza kati ya 13 na 26 tu. Namba hizo zinasomeka kama mashine ya kamari. Max Delbrück, Mjerumani aliyesomea fizikia, aliandika hesabu za kulithibitisha jambo hilo, na makala yao ikatoka mwaka huohuo. Mwaka 1969 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Alfred Hershey. Milislav Demerec wa Cold Spring Harbor alirudia mtindo wao kwa stafilokoka na penisilini mwaka 1945, akaona yaleyale, na akaonyesha pia kwamba usugu wa penisilini ulipanda ngazi kwa ngazi, badiliko juu ya badiliko.

Si wote walioridhika. Cyril Hinshelwood wa Oxford, mkemia mkubwa aliyepata Nobel mwaka 1956, aliendelea kushikilia kwamba seli hujirekebisha kemia yake mbele ya dawa, na hesabu za bahati nasibu hazikumshawishi. Ilihitajika hoja inayoonekana kwa macho. Ilipatikana mwaka 1952 mikononi mwa Esther na Joshua Lederberg, mke na mume, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa kipande cha mahameli.

Walikifunga kitambaa hicho juu ya gogo la mviringo lenye upana wa sahani ya maabara. Sahani ya kwanza ilikuwa na bakteria waliokua bila dawa yoyote. Waliigeuza na kuigusisha juu ya mahameli, na nyuzi zake ndogo, kama sindano elfu, zikabeba bakteria wa kila mahali bila kuvuruga mpangilio wao. Kisha mahameli hayo yaligusishwa kwenye sahani nyingine, moja baada ya nyingine, zenye streptomaisini. Kesho yake vidoa vichache viliota, na viliota mahali palepale katika kila sahani. Kama ni dawa iliyowabadilisha, ingewezaje kuchagua pembe ileile mara zote? Walirudi kwenye sahani ya kwanza, wakachota bakteria wa pembe hiyo, wakawakuza na kurudia kazi mara kadhaa, mpaka wakapata chupa iliyojaa bakteria sugu kwa streptomaisini ambao wao wala babu zao hawakuwahi kuigusa. Kwa wengi ubishi ulikwisha hapo. Joshua alipata Nobel mwaka 1958. Mchango wa Esther, ambaye mikono yake ilikuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo, ulichukua miaka mingi kupewa heshima yake.

Wakati mahameli yakiitatua hoja, hospitali za kifua kikuu zilikuwa zikiilipia. Streptomaisini ilipatikana Oktoba 1943, pale Albert Schatz alipoichuja kutoka kwa viumbe wa udongoni katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, Marekani. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha jaribio la wagonjwa 107. Kati ya 55 waliopewa streptomaisini, 4 walifariki katika miezi sita. Kati ya 52 waliolazwa kitandani tu bila dawa hiyo, walifariki 14. Ni matokeo ya kufurahisha mpaka pale makohozi yalipopimwa: kati ya wagonjwa 41 waliochunguzwa, 35 walikuwa na bakteria wasioisikia tena dawa. Nafuu waliyoipata wengi wao haikudumu, na baada ya miaka mitano tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa imekaribia kufutika.

Hesabu ya Luria inaeleza kwa nini. Tundu moja katika pafu la mgonjwa laweza kuwa na bakteria wapatao milioni 100. Ikiwa mmoja kati ya kila milioni amezaliwa sugu kwa dawa moja, basi humo ndani wamo kama 100 wanaosubiri kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Lakini aliye sugu kwa dawa mbili zisizofanana, kwa bahati tu, ni mmoja kati ya trilioni, na wa hivyo hayumo. Dawa ya Jörgen Lehmann wa Sweden, PAS, iliunganishwa na streptomaisini, na mwaka 1950 ilithibitika kwamba mbili kwa pamoja hulindana. Isoniazidi ikaongezwa mwaka 1952.

Afrika Mashariki iliingia hapa, na iliingia kwa uzito. Wagonjwa na waganga wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki katika mfululizo wa majaribio ya pamoja na Baraza lile la Uingereza, kwanza ya kutafuta mwenzi wa bei nafuu wa isoniazidi, ambaye alikuwa thiasetazoni, kisha ya kufupisha tiba. Jaribio la kwanza la tiba fupi lililotangazwa mwaka 1972 lilionyesha kwamba miezi sita ya streptomaisini, isoniazidi na rifampisini ilitosha kumponya mgonjwa aliyekuwa akihitaji mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa kwa ushauri wa Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, na utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa ameze dozi zake na kuhesabu kila aliyepona, aliyekufa na aliyetoroka tiba ulikuja kuwa kielelezo kwa nchi nyingi. Dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu anapewa zahanati leo zina mizizi katika kazi hiyo.

Basi kufikia katikati ya miaka ya 1950 ilionekana jibu limekamilika: usugu ni badiliko la bahati, hurithiwa kutoka kwa mzazi, na dawa mbili kwa pamoja huukata. Japani ndiyo iliyolipindua jibu hilo. Baada ya vita nchi hiyo ilisumbuliwa na kuhara damu, ugonjwa wa bakteria waitwao Shigella. Salfa zilitumika kwa wingi hadi zikashindwa, ndipo zikaja streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfeniko. Mwaka 1955 mgonjwa aliyerejea kutoka Hong Kong alikutwa na Shigella sugu kwa dawa zote nne kwa mpigo. Miaka miwili mitatu baadaye wa namna hiyo walikuwa wakionekana katika milipuko mbalimbali. Kwa hesabu ya bahati, kupata mabadiliko manne katika bakteria mmoja ni jambo la mara moja katika idadi yenye sifuri 24. Halikupaswa kutokea hata mara moja.

Kulikuwa na dalili nyingine za ajabu. Katika mlipuko uleule, wagonjwa wengine walikuwa na Shigella wanaosikia dawa zote na wengine wasiosikia hata moja, ilhali kwa vipimo vingine walikuwa ukoo mmoja. Mgonjwa aliyepewa kloramfeniko peke yake alianza kutoa bakteria sugu pia kwa dawa tatu ambazo hakuwahi kuzimeza. Na E. coli wa utumboni mwake, wasiohusika na ugonjwa, walikuwa na usugu uleule wa dawa nne. Tomoichiro Akiba wa Tokyo na Kunitaro Ochiai wa Nagoya, kila mmoja kwa upande wake, walishuku kwamba usugu unapita kutoka jamii moja ya bakteria kwenda nyingine. Mwaka 1959 makundi yao yaliwachanganya E. coli sugu na Shigella wanaosikia dawa katika chupa moja, na Shigella wakatoka wakiwa sugu kwa zote nne.

Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio aliichambua njia yenyewe. Bakteria walilazimika kugusana, na kilichopita kati yao kilikuwa kipande cha DNA kinachojitegemea, nje ya kromosomu, kikiwa kimebeba jeni za usugu zote pamoja kama mizigo katika jahazi moja. Leo kipande hicho huitwa plasmidi. Mwaka 1963 Watanabe aliandika kwa Kiingereza mapitio marefu ya kazi za Wajapani, akiuita usugu huo urithi unaoambukiza, na hapo ndipo nchi za Magharibi zilipozinduka. Ni jambo la kusikitisha kwamba makala za Kijapani zilikuwa zimekaa miaka kadhaa bila wasomaji wa nje, wakati bakteria wenyewe hawakungoja mkalimani.

Naomi Datta, wa hospitali ileile ya Hammersmith, aliuthibitisha urithi huo nje ya Japani mwaka 1962, katika Salmonella wa mlipuko uliotokea hospitalini hapo. Mtaalamu wa bakteria E. S. Anderson aliufuata mpaka mazizini: ndama wa Uingereza waliokuwa wakipewa viuavijasumu ovyo walikuwa wakizalisha Salmonella sugu waliowafikia watu. Onyo lake lilichangia kuundwa kwa kamati ya Swann nchini Uingereza, ambayo mwaka 1969 ilishauri kwamba dawa za kutibu watu zisitumike kunenepesha mifugo. Umoja wa Ulaya ulifikia marufuku kamili ya viuavijasumu vya kunenepesha mwaka 2006, miaka 37 baadaye. Ni muda mrefu mno kwa jambo lililokuwa limeshajulikana.

Mwaka 1974 ilibainika kwamba hata ndani ya plasmidi jeni za usugu zina miguu: huruka kutoka plasmidi hadi nyingine, au hadi kwenye kromosomu. Kazi ya jeni hizo ilichambuliwa moja baada ya moja. Nyingine hutengeneza vimeng'enya vya kuivunja dawa. Nyingine hutengeneza pampu. Stuart Levy na wenzake wa Boston walionyesha karibu na mwaka 1980 kwamba bakteria sugu kwa tetrasaiklini huitapika dawa kwa kasi kuliko inavyoingia. Nyingine huibadilisha shabaha yenyewe, kama walivyofanya stafilokoka waliohimili methisilini, dawa iliyotengenezwa mahususi isivunjwe na penisilinesi na ambayo mwaka 1961, mara tu baada ya kuanza kutumika, Patricia Jevons wa London alitangaza kuwapata watatu wasioisikia kati ya sampuli zaidi ya 5,000.

Barani Afrika teknolojia ya kusoma jeni ilifunua sura nyingine ya habari hiyohiyo. Watoto wenye malaria, utapiamlo au Virusi vya UKIMWI, kuanzia Malawi hadi Kilifi, wamekuwa wakiuawa na Salmonella aingiaye damuni, ambaye kwingineko huleta tumbo la kuharisha tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha koo mbili zilizotapakaa kusini mwa Sahara. Ukoo wa pili ulikuwa na jeni ya kuihimili kloramfeniko, dawa iliyokuwa tegemeo la hospitali nyingi, nao ukachukua karibu nafasi yote ya wa kwanza.

Lilibaki swali la asili. Jeni zilizobebwa na plasmidi zilikuwa zimetoka wapi? Mwaka 1973 Raoul Benveniste na Julian Davies walikuta kwamba bakteria wa udongoni wanaotengeneza dawa za jamii ya streptomaisini wana vimeng'enya vya usugu vinavyofanana na vya bakteria wa hospitalini. Mwenye sumu lazima awe na kinga yake. Mwaka 1983 Datta na Victoria Hughes walifungua vichupa zaidi ya 400 vya bakteria wa utumbo alivyovihifadhi Everitt Murray tangu mwaka 1917, wengi wao wa kabla ya viuavijasumu. Plasmidi zilikuwamo tele, za aina zilezile za leo, ila karibu zote hazikuwa na jeni za usugu. Jahazi zilikuwapo, mizigo ilipakiwa baadaye. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walitoa katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 jeni za kuihimili penisilini, tetrasaiklini na hata vankomaisini. Na mwaka 2022 ilielezwa kwamba aina moja ya stafilokoka sugu kwa methisilini ilikuwa ikiishi kwenye ngozi ya kalunguyeye wa Ulaya tangu karne ya 19, pamoja na kuvu anayetoa sumu ya jamii ya penisilini.

Novemba 2015 njia ya jeni za usugu kusafiri juu ya plasmidi ilionekana tena, safari hii kwa kolistini, dawa kongwe inayowekwa akiba kwa wagonjwa ambao nyingine zote zimeshindwa, lakini iliyokuwa ikichanganywa kwa tani nyingi katika chakula cha nguruwe. Watafiti wa China walitangaza jeni ya kuihimili, mcr-1, ikiwa juu ya plasmidi, iliyotoka kwanza kwa E. coli wa nguruwe. Wiki chache baadaye maabara za nchi mbalimbali zilikuwa zikipekua majokofu yao, na nyingi zikaikuta katika sampuli zilizohifadhiwa miaka kadhaa kabla. Huko China sampuli za kuku zilizoibeba zilirudi nyuma hadi miaka ya 1980. Serikali ya China ilipiga marufuku kolistini katika chakula cha mifugo mwaka 2017, na vipimo vilivyofuata vilionyesha bakteria wenye jeni hiyo wakipungua, mazizini na kwa watu.